“-cide” kwenye chupa za dukani inaua nani, na “decide” je?

“Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nilimaliza kidato cha nne na sasa nauza katika duka la pembejeo la mjomba wangu. Karibu kila chupa na kila pakiti rafuni ina neno linaloishia na -cide: insecticide, fungicide, herbicide, acaricide, rodenticide. Shuleni tulifundishwa kwamba -cide ni Kilatini, maana yake kuua. Nilikubali. Juzi mdogo wangu akaniuliza: je, ‘decide’ inaua nini? Na ‘coincide’? Nikakosa jibu. Halafu kwenye kamusi nimeona ‘homicide’ ni kitendo cha kuua, na pia ni mtu aliyeua. Neno moja linawezaje kuwa kosa na mkosaji? Nikikariri mizizi ya Kilatini, nitaweza kujua kila chupa inafanya nini bila kuuliza mtu? La mwisho: nataka kuandika majina ya Kiswahili kwenye rafu, mjomba anasema wateja watatuona washamba. Ni kweli?”

Marahaba, mwanangu. Mpe mdogo wako hongera zangu, maana ameshika uzi ambao watu wengi wenye shahada huupita bila kuuona.

Naona yanayokusumbua ni mawili. La kwanza, kanuni uliyopewa darasani imevuja, na sasa hujui kama uiamini au uitupe. La pili ndilo linalonigusa zaidi: unasimama nyuma ya kaunta ambapo neno likisomwa vibaya, shamba la mtu linaungua. Basi nianze kwa kukutoa hofu. Hukudanganywa shuleni. Ulipewa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo tamu.

Warumi wa kale walikuwa na kitenzi “caedere”. Maana yake ya kwanza haikuwa kuua, ilikuwa kukata. Mwenye shoka msituni alikuwa akifanya “caedere”, mchonga mawe machimboni vilevile, na askari mwenye upanga vilevile. Kwa huyu wa mwisho ndipo maana ya kuua ilipozaliwa, kwa sababu aliyekatwa kwa upanga mara nyingi hakuinuka. Kwa hiyo kukata ni mzazi, kuua ni mtoto. Maneno ya chupa zako yamerithi kwa mtoto. “Decide” imerithi kwa mzazi mwenyewe.

Hiyo “de-” ya mwanzo inaleta maana ya kuondoa, kutenga. “Decidere” ni kukata kitu mpaka kiachane, na Warumi wakalitumia kwa ugomvi: watu wawili wanavutana, mwenye mamlaka anakata, mvutano unakwisha. Sasa jiulize, sisi mtu akiamua jambo tunasemaje? Amekata shauri. Picha ni ileile kabisa: jambo ni kamba inayovutwa huku na huku, na kuamua ni kuikata. Mwambie mdogo wako kwamba “decide” haiui kitu, inakata shauri. Sidhani kama atalisahau.

Ukishamjua huyu mzazi utaanza kukutana na watoto wake kila mahali. “Incisor” ni jino la mbele, lile la kukatia. “Circumcise” ni kukata kwa kuzunguka, yaani kutahiri. “Concise” na “precise” ni maneno yaliyopunguzwa kwa kukatwa, yakabaki yale yanayohitajika. Mkasi kwa Kiingereza, “scissors”, ni wa ukoo huohuo. Hata simenti imo. Kwa Warumi “caementum” ilikuwa vipande vya mawe yaliyovunjwa kwa ajili ya kujengea, na baadaye jina likahamia kwenye ule unga unaoyashikanisha. Kama duka lenu linauza na simenti, basi ndugu wa “-cide” amelala hata sakafuni.

“Coincide” ni habari nyingine, na hapa ndipo ile kanuni ya darasani inapovunjika kweli. Kilatini kilikuwa na kitenzi cha pili, “cadere”, maana yake kuanguka. Tazama: “caedere” kukata, “cadere” kuanguka. Yanafanana, lakini ni maneno mawili. Shida inaanza kinapowekwa kiambishi mbele. Katika Kilatini, kiambishi kikija mbele, irabu ya mzizi hudhoofika: ile “ae” ya kukata inakuwa “i” ndefu, na ile “a” ya kuanguka inakuwa “i” fupi. Matokeo yake, yote mawili yanaandikwa “-cidere”. Mrumi hakuchanganyikiwa, kwa sababu aliuvuta ule urefu kwa sauti, kama wewe usivyochanganya “kufa” na “kufaa”. Lakini maandishi yao kwa kawaida hayakuuonyesha, na Kiingereza kilipopokea maneno hayo kiliyapokea yamevaa sare moja.

Kwa hiyo “occidere” yenye “i” ndefu ilikuwa kuua, na “occidere” yenye “i” fupi ilikuwa kuchwa kwa jua, ndiyo maana “occident” kwa Kiingereza ni magharibi. “Decidere” ya kukata ilizaa “decide”. “Decidere” ya kuanguka ilizaa “deciduous”, mti unaopukutisha majani, kama mbuyu unavyosimama mtupu wakati wa kiangazi. Na “coincide” ni kuanguka pamoja: mambo mawili yanaangukia mahali pamoja au siku moja. Kiswahili nacho kinasema hivyohivyo, sikukuu imeangukia Ijumaa. Ukoo huu wa kuanguka una “accident”, jambo lililokuangukia, na “incident”, na pia “case”, kutoka “casus”, yaani anguko, tukio. Hilo la mwisho tumelichukua kwa Waingereza tukalifanya “kesi”. Sasa sikiliza tunaposema hakimu amekata kesi: “kesi” imetoka kwa yule wa kuanguka, na tendo la hakimu, Mwingereza angelieleza kwa “decide”, mtoto wa yule wa kukata. Wale mapacha wawili wa Kilatini wamekutana katika chumba cha mahakama cha Kiswahili. Huwa nafurahi kila ninapoisikia sentensi hiyo.

Utawatofautishaje bila kujua Kilatini? Angalia watoto wanaozaliwa na neno. Neno la kuua huzaa “-cidal”: “homicidal”, “insecticidal”. Neno la kukata, kama “decide”, huzaa “-cision” na “-cisive”: “decision”, “decisive”. Neno la kuanguka huzaa “-dence” na “-dent”: “coincidence”, “accident”. Jambo jingine la kukusaidia: “decide” na “coincide” ni vitenzi, ilhali maneno ya kuua ni nomino. Huwezi kusema mtu “herbicided” magugu. Na usichanganye haya na yanayoishia “-side”, kama “reside” na “preside”. Hayo yanatoka kwenye kukaa, wala hayana undugu na shoka.

Sasa “homicide”. Hapa Kiswahili kitakusaidia kuliko Kiingereza. Sisi tukitaka mtendaji tunasema muuaji, tukitaka kitendo tunasema mauaji, na kiambishi cha mbele kinatuambia ni kipi. Kilatini kilifanya hivyo kwa mkia: “homicida” alikuwa mtu aliyeua mtu, “homicidium” ilikuwa tendo lenyewe. Maneno yalipopitia Kifaransa mikia yote miwili ilipukutika, ikabaki “-cide” tupu, na Kiingereza kikaipokea hivyo. Ndiyo maana kamusi yako inakupa maana mbili. Siku hizi “homicide” hutumika zaidi kwa kitendo. “Regicide”, kuua mfalme, bado inabeba zote mbili: Waingereza walipomkata kichwa mfalme wao Charles wa Kwanza tarehe 30 Januari 1649, tendo liliitwa hivyo, na wale watu 59 waliotia sahihi hati ya kifo chake nao wakaja kuitwa hivyo.

Neno moja la ukoo huu limetuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa uchungu. Mwaka 1944 mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi kutoka Poland, aliona hakuna neno la uovu uliokuwa ukitendwa Ulaya, akaunga “genos” ya Kigiriki, yaani ukoo au jamii, na “-cide” ya Kilatini, akapata “genocide”. Umoja wa Mataifa ukaliingiza katika mkataba tarehe 9 Desemba 1948. Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilitolewa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, na mahakama iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Kiswahili kilijibu kwa “mauaji ya kimbari”, na tazama usahihi wake: mbari ni ukoo, sawa na “genos”. Aliyelitunga neno hilo alisoma mzizi, hakukisia.

Turudi rafuni, maana huko ndiko unakonitia wasiwasi.

Maneno ya chupa zako yameongeza maana ya tatu: si mtu, si kitendo, ni kitu kinachoua. Mkia unakwambia kuna kifo ndani. Kichwa cha neno kinakwambia anayekufa ni nani. Baina yao kuna kijiirabu “i” ambacho si cha huku wala huko, ni kamba ya kufungia tu: insect-i-cide, herb-i-cide. Kata hapo, usome kichwa. “Rodent” inatoka kwenye “rodere”, kuguguna, basi rodenticide ni ya wagugunaji: panya na jamaa zake. “Acari” ni wadudu wa jamii ya utitiri na kupe, basi acaricide ni ya josho, ya kupe wanaoleta ndigana kali. “Fungus” kwa Mrumi ilikuwa uyoga, na kuvu na ukungu ni jamaa zake, basi fungicide ni ya magonjwa ya ukungu kwenye majani na matunda, haina kazi na viwavi. “Insectum” maana yake kilichokatwakatwa, kwa sababu mwili wa mdudu umegawanyika vipande. Mtazame siafu kwa karibu, utaona kichwa, kifua na tumbo kama vimefungwa uzi katikati. Lakini nyuki naye amekatwa hivyohivyo. Dawa haimuulizi kama analeta asali.

Na “herba” ndiyo ningependa uishike kuliko zote. Sisi tunasema kiuagugu, ni neno zuri, ila lina mtego. Kwa Kilatini “herba” si gugu. Ni jani, mmea. Gugu ni uamuzi wa mkulima: mmea aliousema hautaki hapo. Kemikali haijui uamuzi huo. Kiuagugu kiitwacho glaifoseti kitaua sangari, na kitaua mahindi ya kawaida yaliyo karibu. Kuna viuagugu vinavyochagua, kwa mfano 2,4-D, ambayo huua mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, ndiyo maana inatumika kwenye mahindi. Ila nyanya na maharage nayo yana majani mapana. Nimewahi kumwona jirani yangu aliyepiga bomba la kiuagugu cha namna hiyo shamba la mahindi, kesho yake akalitumia bomba lilelile kwenye nyanya bila kuliosha vizuri. Baada ya siku chache majani ya juu yalijikunja na kuwa membamba kama kamba, vishina vikapinda. Alidhani ni ugonjwa, akanunua fungicide. Fungicide haikuwa na la kufanya hapo, maana hapakuwa na kuvu wa kuua.

Hapo sasa nikujibu swali lako la kukariri, na nikujibu wazi. Mizizi itakusaidia sana, lakini haitoshi kuuza. Kichwa cha neno kinataja kundi la anayekufa. Hakitaji kipimo, hakitaji zao gani linavumilia, hakitaji siku ngapi mkulima asubiri kabla ya kuvuna, wala sumu inamdhuru binadamu kiasi gani. Isitoshe, si kila cha rafuni kinaishia “-cide”. “Repellent” inatoka kwenye kusukuma, kurudisha nyuma: inamfukuza mbu, haimuui, na mteja anayetarajia kuona mbu wameanguka sakafuni atarudi kulalamika. Hata viuavijasumu vya hospitali havifanani. Vingine huua bakteria, vingine huvizuia tu visiongezeke mpaka mwili umalize kazi, na kwa Kiingereza vinatofautishwa kwa mkia: “-cidal” kwa vinavyoua, “-static” kwa vinavyosimamisha. Jina letu limeviita vyote wauaji.

Kwa hiyo soma neno ili ujue ushike rafu ipi, kisha soma kibandiko chote. Pale chini kwenye kibandiko kuna mstari wa rangi, na huo hauhitaji Kilatini: nyekundu ni hatari kubwa sana, njano inafuata, kisha bluu, kijani ni hatari ndogo kuliko zote. Mteja akikueleza dalili ambazo huna hakika nazo, majani yamekauka pembeni, matunda yana madoa, usibahatishe kwa kumpa chupa mbili azichanganye. Mwambie akate tawi lenye dalili alipeleke kwa afisa ugani wa kata, au amlete shambani alione mwenyewe. Kwa upande wa Tanzania, chupa isiyo na usajili, au kibandiko unachokitilia shaka, ni jambo la kuuliza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake makuu yapo Arusha. Na mtu akinywa au akimwagikiwa na kitu chochote chenye “-cide”, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji mengi, mkimbizeni hospitali na mbebe chupa yenyewe au kibandiko chake, kwa sababu daktari anatibu kwa kujua kiambato. Msimtapishe kwa nguvu, wala msipoteze muda kutafuta maziwa.

Limebaki la mjomba. Mpe heshima yake, ila katika hili sikubaliani naye. Kiswahili kinaunda maneno haya kwa ufundi uleule wa Kilatini, kimegeuza mpangilio tu: wao walianza na anayekufa wakamalizia na kuua, sisi tunaanza na kuua tukamalizia na anayekufa. Insect-i-cide, ki-ua-dudu. Ki- inasema ni kitu, si mtu, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kulisema. Hakuna ushamba hapo. Na kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko lugha. Dukani tunaita vyote dawa: dawa ya panya, dawa ya magugu, dawa ya kupe. Mtoto anayesikia “dawa” anafikiri kitu cha kuponya, kama sharubati ya kikohozi. Panya hakuponywa kamwe na dawa yake. Ukiandika “kiua”, kila anayejua kusoma Kiswahili, hata mzee aliyeishia elimu ya watu wazima, anajua kuna nini ndani kabla hajaifungua.

Usifute Kiingereza, kwa sababu ndicho kilicho kwenye chupa na mteja anahitaji kuvilinganisha. Chukua kadi tano na kalamu ya wino mzito, uandike Kiswahili juu kwa herufi kubwa na Kiingereza chini yake. KIUADUDU, insecticide. KIUAKUVU, fungicide. KIUAGUGU, herbicide, na kwenye kadi hiyo uongeze kwa mkono: “huua na mazao, uliza kwanza.” KIUAKUPE, acaricide. KIUAPANYA, rodenticide, na hii iweke rafu ya juu kabisa, mbali na mikono ya watoto wanaotumwa chumvi.